Wasiokuwamo Katika Tarikhi ya Kilwa

Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inawataja masultani mmoja baada ya mwingine: nani alitawala miaka mingapi, nani alimpindua nani, nani alikimbilia wapi. Mreno João de Barros alizitia habari zinazokaribiana na hizo katika kitabu chake cha mwaka 1552. Kabla yao, mwaka 1331, Ibn Battuta alifika Kisiwani akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Tuna sarafu za shaba, kuta za Husuni Kubwa na kuba za Msikiti Mkuu. Lakini soma yote hayo mpaka mwisho ukimtafuta mtoto aliyekufa mdogo. Hayumo. Wamo wana wa wafalme waliokua wakarithi au wakanyang'anywa. Mtoto aliyezikwa kabla ya kuota magego hakuandikiwa hata mstari.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, na ninachosoma ni pwani ya kusini, kuanzia Kilwa hadi Lindi. Katika makala hii nataka kuandika juu ya kundi moja la watoto hao: waliozaliwa na selimundu, ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli. Tumezoea kuufikiria kama ugonjwa wa maumivu na upungufu wa damu. Lakini bakteria wamewaua wengi wao wakiwa wadogo, wakiwemo bakteria ambao mtoto mwingine angewashinda kwa kuharisha siku mbili tu. Selimundu hurithiwa, na pamoja nayo hurithiwa upungufu wa kinga. Watoto hao hawakuacha jina wala kaburi la kutambulika. Waliacha pengo kwenye hesabu, na pengo linaweza kupimwa.

* * *

Mtu mmoja aliyelipima pengo hilo alikuwa daktari, na vipimo vyake vinatoka upande wa pili wa nchi.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kuwa karibu na bahari na kandokando ya Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa na kinasaba cha selimundu. Kwenye nyanda za juu, kinasaba hicho kilikuwa adimu. Ukiiweka ramani ya kinasaba juu ya ramani ya malaria, zinakaribia kulingana.

Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake. Sehemu yake moja ilikuwa jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha: wanaume 30 wa Kiluo waliambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wenye kinasaba kimoja cha selimundu na 15 wasio nacho. Kati ya wasio nacho, 14 walionekana na vimelea kwenye damu. Kati ya wenye nacho, wawili tu. Huo ukawa miongoni mwa mifano ya kwanza iliyothibitishwa ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na umo katika vitabu vya baiolojia dunia nzima. Damu iliyouthibitisha ni ya Afrika Mashariki.

Hesabu inayonihusu mimi ni ya mwaka 1956, kutoka Musoma. Allison alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Ili kuielewa hesabu hiyo inatosha kujua jambo moja: kila mtu hupokea kinasaba kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mwenye vyote viwili vizima huitwa AA. Mwenye kimoja cha selimundu ni AS, naye kwa kawaida haugui. Aliyepata vya selimundu kutoka pande zote mbili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Miongoni mwa watoto wachanga wa Musoma, 9 walikuwa SS, yaani kama 3 kwa kila 100. Miongoni mwa watu wazima 654, waliokuwa SS ni 5. Kwa kanuni za urithi, kundi la ukubwa ule lenye kiasi kile cha kinasaba lingekuwa na SS wapatao 26.

Kutoka 26 hadi 5, wanakosekana watu 21. Hawakuhama, kwa sababu selimundu haimhamishi mtu. Ni watoto waliozaliwa, wakapewa majina, wakabebwa mgongoni, kisha hawakufika umri wa kusimama kwenye foleni ya daktari. Musoma na Kilwa wakati huo zilikuwa chini ya serikali moja ya Tanganyika, zote mbili nchi za joto, maji na mbu. Kila ninapoisoma orodha ya masultani wa Kisiwani, huiwekea pembeni ile hesabu ya Musoma.

* * *

Walikufa kwa nini? Hapa historia inabidi iingie tumboni, upande wa kushoto, chini ya mbavu, ilipo bandama.

Aliyewahi kukamua tui anakijua kifumbu. Damu hupita kwenye bandama kama tui kwenye kifumbu: chembe zilizochakaa hunaswa, na bakteria hunaswa pamoja nazo. Wapo bakteria waliovikwa utando mtelezi, kama yule wa nimonia aitwaye nimokoka, na yule wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo. Askari wengine wa mwili hushindwa kuwashika vizuri kwa sababu ya utando huo, na kabla mwili haujajifunza kutengeneza kingamwili za kutosha dhidi yao, tegemeo kubwa ni bandama. Kwa mtoto mwenye SS, chembe nyekundu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni, nazo huziba vijia vya bandama. Miezi michache ya mwanzo damu ya kitoto, iliyotoka naye tumboni, humlinda. Ikiisha, kifumbu huanza kuziba. Mwaka 1969 Howard Pearson na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa bandama ya mtoto wa aina hiyo inaweza kuonekana kubwa kwa kupapasa na bado isiwe inafanya kazi. Baadaye husinyaa ikawa kovu.

Kisha kuna Salmonela. Simaanishi ile ya homa ya matumbo, bali jamaa zake wanaokaa kwenye utumbo wa kuku na wanyama wengine, kwenye maji na kwenye chakula kilicholala. Mtu mzima mwenye afya huharisha, akanywa maji, akapona. Kwa mtoto mwenye selimundu, bakteria huyo huvuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu, kisha hujificha ndani ya mfupa, mahali ambapo vijia vimeziba na nyama ya mfupa imekufa. Ni uambukizi wa ajabu kiasi kwamba, kufikia mwaka 1957, madaktari wa Marekani walikuwa wakiuandikia makala za peke yake. Ukikuta Salmonela ndani ya mfupa wa mtoto, swali linalofuata ni: je, ana selimundu?

Hata mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika maandishi ya kitabibu ya Magharibi anashuhudia jambo hili. Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, alitibiwa Chicago, na chembe zake zenye umbo la mundu zikaelezwa na James Herrick mwaka 1910. Noel alirudi kwao akafungua kliniki ya meno. Mwaka 1916 alifariki kwa nimonia, akiwa na miaka 32.

* * *

Kinasaba hiki kilibaki pwani yetu kwa sababu kina faida. Mtoto wa AS hulindwa dhidi ya malaria kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Kilifi, pwani ya Kenya, uliongeza jambo: watoto wa AS waliugua kwa nadra zaidi hata maambukizi ya bakteria kwenye damu. Malaria huwafungulia bakteria mlango, na anayeikinga malaria huubana mlango huo pia. Kwa hiyo kinasaba kilekile kilichomwacha SS bila kinga kilimpa AS kinga maradufu. Katika kila kizazi cha pwani yenye mbu, baadhi ya watoto waliishi kwa sababu ya kitu kilichowaua ndugu zao wa tumbo moja.

Kutoka hapa kilisafiri. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na mizigo ya watu ilielekea Unguja na kwingineko. Leo takriban Waomani 6 kwa kila 100 ni AS. Walipochunguzwa, karibu kinasaba kimoja kati ya kila vitano vya selimundu nchini humo kilikutwa na alama ambazo wataalamu huziita za Kibantu, zilizo za kawaida upande wetu wa Afrika. Kumbukumbu za meli zilihesabu vichwa na bei. Damu ilihifadhi asili ya watu, na pamoja nayo ikahifadhi ugonjwa, na watoto waliozaliwa ng'ambo nao wakafa kwa homa zilezile.

* * *

Bibi yangu mzaa mama ni mzaliwa wa Kivinje. Amezaa wanane, wamebaki watano. Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyojibu ukiwauliza idadi ya watoto, namba mbili kwa pumzi moja. Nilipoanza masomo nilimwomba anisimulie wale watatu.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "watu hawasimulii hayo mchana."

Alisimulia jioni. Wa tatu kuzaliwa alikuwa na macho ya manjano, na alipofikisha mwaka vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia ukimgusa. Alipona. Alikufa kwenye mwaka wa pili: alipata homa baada ya magharibi, na alfajiri hakuamka. Wa sita alivimba mguu, ukatoka usaha miezi mingi. Wa saba alikwenda kama wa tatu, kwa homa ya usiku mmoja. Katika madaftari yangu ya chuo maelezo hayo yana majina ya kitabibu: manjano ya chembe zinazovunjika, vidole vinavyovimba vya mtoto mwenye SS, uambukizi wa mfupa, bakteria kwenye damu. Kule mtaani yalikuwa na majina mengine: zongo, jini, kijicho. Na yalikuwa na mshitakiwa. Alipozika wa tatu kwa hesabu ya makaburi, upande wa mumewe wakasema mwanamke huyu anawala wanawe.

Hilo la mwisho alilisema akiwa anakunja kanga yake, kwa sauti ileile aliyotumia kuniuliza kama nimekula.

Si Kivinje peke yake. Waliosoma *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Chinua Achebe, wanamkumbuka Ekwefi, aliyezaa kumi akazika tisa, na imani ya ogbanje, mtoto anayezaliwa na kufa na kurudi tena. Wapo watafiti wa Nigeria waliochunguza familia zilizodaiwa kuwa na ogbanje wakakuta selimundu. Kwetu pwani watu waliwapa watoto majina ya Tabu, Shida na Mashaka. Nami nikisoma majina ya ukoo wangu, naona humo takwimu ambazo hakuna ofisi iliyozikusanya.

Elimu ya vinasaba ina neno la kumwambia bibi, na nilimwambia. Mtoto wa SS hupokea kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Wazazi wawili wa AS wana nafasi moja kati ya nne kwenye kila ujauzito, na mimba iliyotangulia haibadilishi nafasi ya inayofuata. Babu, ambaye ndugu zake walimnyooshea bibi kidole, alitoa nusu yake. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyewaambia hayo wakati huo.

* * *

Swali lake ni la mwanahistoria, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya sayansi. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani. Watoto wadogo wenye selimundu 105 walipewa vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku, na wengine 110 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Wa kundi la pili 13 walipata maambukizi makali ya nimokoka, na watatu wakafa. Wa kundi la penisilini walikuwa wawili, hakufa hata mmoja. Jaribio lilisimamishwa miezi minane kabla ya wakati, kwa kuwa kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhambi. Mwaka uliofuata wataalamu wa Marekani wakapendekeza kila mtoto mchanga apimwe. Penisilini yenyewe ilikuwa dawa ya zamani na ya bei ndogo, iliyokwisha kuwapo wakati bibi anazika.

Lakini kwa Afrika palikuwa na shaka: je, nimokoka anawaua watoto wa huku kwa kiasi hicho? Shaka ilitoka hospitalini, ambako wagonjwa wa selimundu waliofika mara nyingi walikuwa wamekwisha kuvuka miaka ya hatari. Mtoto anayekufa kwa bakteria kwenye damu anaweza kufa ndani ya saa chache, nyumbani, kabla ya mtu yeyote kujua ana selimundu. Hawakuonekana wodini, ikadhaniwa kwamba hawapo. Ni kosa lilelile la tarikhi: kuwahesabu waliobaki na kuwaita watu wote.

Lilijibiwa mwaka 2009, tena na Kilifi. Watafiti waliangalia watoto waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2008 wakiwa na bakteria kwenye damu. Kati ya watoto 1,749 waliopimwa kinasaba, 108 walikuwa na selimundu, wakati katika jamii ileile hawafiki mmoja kwa mia. Hatari yao ilikuwa kubwa takriban mara 26. Kati ya hao 108, nimokoka alikutwa kwa 44, Salmonela kwa 19, na Hib kwa 13. Walikuwa bakteria walewale waliojulikana Marekani na Jamaika. Tofauti ilikuwa kwamba kule watoto walipimwa wakizaliwa.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya barabara. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Kilwa kwenda Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko, na masika ilipochachamaa watu wa kusini walikwama njiani siku kadhaa. Bakteria anayemaliza kazi yake kati ya magharibi na alfajiri hasubiri kivuko. Kwa hiyo kinachomwokoa mtoto wa pwani hii ni kile kinachomtangulia bakteria: kipimo cha tone la damu ya kisigino akizaliwa, vidonge vya penisilini hadi atimize miaka mitano, chandarua, na chanjo. Chanjo ya Hib iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2009, na ya nimokoka mwaka 2013. Hazikuletwa kwa ajili ya selimundu, ila watoto wa SS wamo miongoni mwa wanaofaidika zaidi.

* * *

Tangu mwaka 2004 pale Muhimbili, chini ya mpango ulioongozwa na Profesa Julie Makani, wagonjwa wa selimundu wameandikishwa na kufuatiliwa mmoja mmoja. Kufikia mwaka 2009 walioandikishwa walikuwa 1,725. Waliofariki ni 86, na waliokuwa hatarini zaidi ni walio chini ya miaka mitano, ambao kati yao vifo vilifikia takriban 7 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Namba hiyo inatisha. Hata hivyo nilipoisoma mara ya kwanza nilipata faraja: kila mmoja wa hao 86 alikuwa na jina, umri na tarehe. Alikuwa na mstari wake.

Tanzania inakadiriwa kupata kila mwaka watoto kati ya 8,000 na 11,000 wenye selimundu, hesabu inayoiweka miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Wengine wanazaliwa mwezi huu Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga na Lindi mjini. Kama wataingia kwenye daftari la wenye dawa au kwenye ile namba ya pili ya mama zao inategemea mambo madogo sana, ambayo yote yanajulikana.

Mimi nimepimwa, ni AS. Ni urithi kutoka Kivinje, na huenda ndio uliomwokoa mama yangu na malaria akiwa mtoto. Posa ya bibi ilipokuja, wazee waliulizana ukoo, dini na mahari. Yangu ikija nitayauliza hayo yote, halafu nitaomba na karatasi ya maabara.